Mafungu ya miamala: wajibu wa mtengeneza programu

Mfumo wa kulipa mishahara au madai ya bima hushughulikia maelfu ya malipo kwa usiku mmoja. Kila malipo yakipewa muamala wake, kazi huchelewa. Yote yakiwekwa katika muamala mmoja, kosa dogo hubatilisha kazi ya usiku kucha. Ndiyo maana kazi hugawanywa katika mafungu.

Katika lugha ya Java, utaratibu huu ulipata kanuni rasmi mwaka 2013 kupitia JSR 352, sehemu ya Java EE 7; kanuni hiyo leo huitwa Jakarta Batch. Kiolesura chake hutenganisha kusoma, kuchakata na kuandika. Idadi isipotajwa, fungu huwa la vipengele 10. Fungu likikamilika, data huthibitishwa pamoja na alama ya mahali kazi ilipofikia. Hitilafu ikitokea, fungu hilo pekee hubatilishwa, na kazi ikianzishwa upya huendelea kutoka kwenye alama ya mwisho.

Panapodai uangalifu mkubwa ni ruhusa ya kuruka makosa. Kanuni inamruhusu mtengeneza programu kutaja aina za makosa yanayoweza kurukwa, lakini asipoweka kikomo, idadi ya kuruka haina mwisho. Hilo ni jambo zito. Mfanyakazi aliyerukwa kimyakimya amenyimwa ujira wake, hata kama ripoti inasema kazi imekamilika. Kwa hiyo kikomo kiwekwe daima, na kila kipengele kilichorukwa kiandikwe pamoja na sababu yake na kufikishwa kwa afisa mhusika kabla ya saa za kazi kuanza.

Aidha, kubatilisha muamala hurejesha hifadhidata tu. Ombi la malipo lililokwisha kutumwa benki au kwenye mtandao wa simu halirudi, na fungu likirudiwa mtu anaweza kulipwa mara mbili. Njia salama ni kuandika ombi kwenye jedwali ndani ya muamala, kisha kulituma katika hatua nyingine, likiwa na namba ya kumbukumbu isiyobadilika ambayo mpokeaji huikagua kabla ya kulipa.

Kabla ya makabidhiano, programu izimwe makusudi katikati ya fungu, iwashwe tena, na jumla zilinganishwe hadi shilingi ya mwisho. Mfumo usiopita jaribio hilo haustahili kukabidhiwa mishahara ya watu.