Ubongo wa mtoto aliyekimbia vita



Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji wa Goma, ilipokea maelfu ya familia zilizokimbia vita. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilivunjwa, watu wakatawanyika. Mtoto wa namna hii anapoingia shule ya ugenini, mara nyingi husemwa: "Huyu mjinga, hashiki kitu." Tunaandika somo hili kwa sababu ya neno hilo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 na seli za neva kama bilioni 86. Ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia, ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote. Kwa hiyo mtoto aliyelala njaa anaanza somo akiwa na upungufu.

Ndani yake, kila upande, mna sehemu ndogo kama punje ya haragwe iitwayo amigdala. Ni mlinzi. Risasi ikilia, moyo unakwenda mbio kabla hata hujafikiri, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuhesabu, inafanya kazi vibaya. Kwa mtoto aliyeona mengi, mlango ukibamizwa tu, mlinzi anaamka. Mtoto yupo kwenye benchi, mawazo yapo njiani alikokimbia. Fimbo humwamsha mlinzi huyo zaidi, ingawa wengi wetu tulilelewa kwa fimbo.

Wanafunzi waweza kujifunza haya bila maabara. Waketini wawili wawili, mwenyeji na mgeni. Mmoja ashike rula ya sentimita 30 juu, mwenzake aweke vidole penye sifuri bila kuigusa. Rula iachiwe bila kusema. Akiidaka kwenye sentimita 20, jicho, ubongo na mkono vimetumia sehemu 2 kati ya 10 za sekunde. Kisha arudie huku akihesabu kwa sauti kutoka 100, akitoa 7 kila mara. Kwa kawaida atachelewa, mwenyeji kama mgeni. Hapo waulizeni: ikiwa hesabu tu imemchelewesha, hofu je?

Mtoto akiendelea kushtuka usiku kwa majuma mengi, apelekwe kituo cha afya, na mwalimu wake aambiwe.