Mtaro Wako Umekwama Wapi? Somo la Safari ya Mradi wa Wadi

Kila msimu wa mvua, simu nyingi zinazoingia katika ofisi yetu ya mawasiliano huhusu maji. Maji yameingia dukani, yamebeba changarawe ya barabara, yamejaa kwenye uwanja wa shule. Baada ya malalamiko huja swali: "Tuliuomba mtaro huu barazani mwaka jana. Umeenda wapi?"

Ni swali la haki, na jibu la "mradi uko kwenye mipango" halimsaidii mtu aliyelala ameinua godoro juu ya meza. Masika ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, na mitaani, mara nyingi tofauti kati ya mvua na mafuriko ni mtaro ulioziba au ambao haukuwahi kuchimbwa. Kwa hivyo katika toleo hili tunaufuata mtaro mmoja, tangu unapotajwa na mkazi hadi unapopokelewa. Mtaro wenyewe ni wa mfano tu. Tuseme una urefu wa mita 400, umejengwa kwa mawe, na una kalvati mbili pale unapokatiza barabara ya mtaa.

Je, ni kazi ya kaunti?

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liligawa kazi kati ya serikali kuu na serikali za kaunti. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, uzoaji taka na mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi za kaunti. Barabara kuu zinazounganisha miji ziko chini ya mamlaka ya KeNHA, na zipo barabara nyingine zinazosimamiwa na KURA na KeRRA. Zote hizo ni mashirika ya serikali kuu. Madarasa ya shule za msingi na vituo vya polisi vinavyojengwa kwa fedha za NG-CDF navyo havimo katika bajeti ya kaunti, hata vikiwa ndani ya wadi yako.

Mkazi halazimiki kukariri haya yote. Lakini kama mtaro unaoutaka unapita kando ya barabara kuu, ni vyema kumuuliza msimamizi wa wadi mapema ni nani mwenye barabara hiyo. Nimeona ombi zuri, lenye sahihi za watu, likikaa katika ofisi isiyohusika kwa miezi kadhaa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo siku ya kwanza. Kosa hilo ni la ofisi iliyolipokea ikanyamaza, si la wakazi. Hata hivyo, waliolala majini ni wakazi.

Kalenda ndiyo inayotuponza

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo maombi mengi yanapochelewa bila mwenyewe kujua.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Lakini bajeti haiandikwi Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe zake. Kufikia tarehe 30 Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka unaoeleza jinsi bajeti ya mwaka unaofuata itakavyoandaliwa. Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kiwango cha juu ambacho kila idara inaweza kutumia. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe ya bajeti hufika bungeni, na yanatakiwa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Sasa tazama mtaro wetu. Mvua inanyesha Aprili na Mei, na wakazi wanakasirika Mei. Wakija kwenye kikao cha maoni ya bajeti mwezi huo wa Mei, makadirio tayari yako bungeni, na kila idara ilikwisha kuwekewa kiwango chake tangu Februari. Mtaro unaweza bado kuingizwa, lakini ni lazima kitu kingine kipunguzwe ili upate nafasi, na kitu hicho pia kina watu wake waliokiomba mapema. Mara nyingi jibu huwa: "Tumelichukua hilo." Maana yake halisi ni kwamba limeandikwa kwa ajili ya mzunguko unaofuata.

Mzunguko unaofuata huanza na mpango wa Septemba. Ombi la Mei 2025 likiingia katika mpango wa Septemba 2025, linakuwa sehemu ya bajeti ya mwaka wa fedha wa 2026/2027, ambao huanza Julai 2026. Ongeza muda wa zabuni na wa kupokea fedha, na jembe la kwanza huenda lisiguse udongo kabla ya mwisho wa 2026. Hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu tangu siku ile ya godoro juu ya meza. Sisemi haya kutetea ucheleweshaji. Nasema ili ujue kwamba kikao chenye nguvu zaidi kwa mtaro wako ni kile cha Julai na Agosti, wakati jua linawaka, watu wamesahau mvua, na viti vingi viko vitupu.

Kuna pia mpango mkubwa wa miaka mitano, unaojulikana kwa kifupi kama CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Miradi ya kila mwaka inapaswa kutoka humo. Mtaro mmoja hautatajwa kwa jina katika kitabu kizima, lakini kazi ya aina yake, kwa mfano udhibiti wa maji ya mvua katika mji wako, inapaswa kuwamo. Ukisimama kwenye kikao ukasema, "ombi letu liko chini ya lengo hili la CIDP," maafisa wa mipango watakaa wima.

Kuzibua si kujenga

Kabla ya kusubiri mwaka na nusu, jiulize kama tatizo ni ukosefu wa mtaro au ni mtaro uliojaa taka. Kuzibua mtaro, kurekebisha kifuniko kilichovunjika na kubadilisha taa iliyoungua ni matengenezo. Hulipwa kutokana na fungu la matumizi ya kawaida, ambalo tayari lipo katika bajeti ya mwaka huu. Ombi kama hilo halihitaji mpango wa Septemba. Lipeleke kwa msimamizi wa wadi kwa maandishi, utaje mahali penyewe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe.

Na kama maji yamekwisha kubomoa kitu na maisha yako hatarini, sheria inaruhusu kila kaunti kuwa na hazina ya dharura, isiyozidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Hazina hiyo ni ya jambo ambalo halikutarajiwa. Mtaro unaofurika kila Aprili tangu ujana wako ni vigumu kuuita jambo lisilotarajiwa.

Ndani ya kikao

Ushiriki wa umma si hisani. Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi kuhusu kanuni za tumbaku, ilisema kuwa ushiriki huo lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Una haki ya kupata taarifa ya kikao mapema na kuona hati inayozungumziwa.

Kwa upande wa mkazi, ombi linalosikika ni lile lenye mahali, urefu na watu. "Tunataka maendeleo" huandikwa na kusahaulika jioni hiyo. "Tunataka mtaro kutoka kona ya kanisa hadi mtoni, takriban mita 400, unaopita mbele ya zahanati na nyumba zipatazo 60" ni sentensi ambayo mhandisi anaweza kwenda kuipima kesho yake. Hakikisha imeingia katika kumbukumbu za kikao kabla hamjatawanyika. Omba karani aisome kwa sauti. Wengine huona haya kufanya hivyo, lakini ni dakika mbili tu.

Mwakilishi wadi naye ana nafasi yake, ingawa mara nyingi tunamtarajia mambo ambayo sheria haimruhusu. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamkataza kujihusisha na utekelezaji. Hashiki fedha za mtaro na hachagui mwanakandarasi. Anachoweza kufanya, na unachopaswa kumdai, ni kuuliza bungeni kwa nini mtaro uliopitishwa haujachimbwa.

Mhandisi anatafuta mteremko

Wakazi wengi hudhani mtaro hukataliwa kwa siasa. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi hukwama kwa mhandisi, na sababu ni kwamba maji yanahitaji mahali pa kwenda. Mtaro wa mita 400 unaoishia kwenye shamba la mtu haujaondoa mafuriko, umeyahamisha tu. Mhandisi hupima mteremko, hutafuta mto au mtaro mkubwa wa kupokea maji, kisha hukadiria ukubwa wa kalvati kulingana na eneo linaloleta maji hayo. Bomba dogo huziba kwa chupa na mifuko, na maji hupanda juu ya barabara.

Kisha kuna suala la ardhi. Hifadhi ya barabara ni ya umma, lakini katika miji yetu vibanda, ua na ngazi za maduka zimeingia humo. Mradi uliopata fedha unaweza kulala miezi mitatu kwa sababu ya ngazi moja ya saruji. Hapa wakazi wana uwezo kuliko ofisi: jirani akizungumza na jirani yake kabla ya mwanakandarasi kufika, kesi nyingi hazifiki mahakamani.

Zabuni na fedha

Bajeti ikishapita, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inakataza kuanzisha zabuni kabla ya kuhakikisha kuwa fedha zimetengwa. Asilimia 30 ya zabuni zinapaswa kutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mtaro wa ukubwa wa huu wetu ni kazi ambayo kampuni ndogo ya vijana wa wadi inaweza kuiomba kama imesajiliwa mapema. Mshindi akitangazwa, mkataba hautiwi sahihi kabla ya siku 14 kupita, ili aliyeshindwa apate muda wa kukata rufaa. Rufaa ikiwasilishwa, bodi ya mapitio ina siku 21 za kuamua.

Fedha zenyewe hazitoki kwa sahihi ya gavana pekee. Mdhibiti wa Bajeti lazima aidhinishe kila utoaji kutoka kwa Hazina ya Mapato ya Kaunti, na mgao kutoka Nairobi ukichelewa, mwanakandarasi naye husubiri. Ukiona mashine zimeondoka kazi ikiwa nusu, hilo ni la kwanza kuuliza.

Jambo la pili la kuuliza ni kama mkataba umebadilishwa. Sheria inaruhusu mabadiliko, lakini kwa mipaka: kiasi cha kazi ya ujenzi kisiongezeke kwa zaidi ya asilimia 20, na bei yote kwa jumla isipande kwa zaidi ya asilimia 25. Tuseme mtaro wetu ulipewa mkataba wa shilingi milioni 4. Nyongeza zote zikijumlishwa, bei haiwezi kuvuka milioni 5. Ukisikia milioni 6 na mita ni zile zile 400, una swali halali, na si wewe unayepaswa kulitafutia jibu.

Unaulizaje?

Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, unaweza kuomba nakala ya mkataba, orodha ya vipimo na gharama ambayo watu wa ujenzi huiita BQ, au ripoti ya maendeleo ya kazi. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kusema, na afisa wa habari ana wajibu wa kumwandikia. Kuomba ni bure, na kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, au saa 48 kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyamaziwa, hilo linahesabiwa kuwa umenyimwa, na unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Andika hata kama ofisi unayoilalamikia ni yetu.

Kazi ikikamilika, kamati ya ukaguzi na upokeaji huenda kuiangalia kabla ya malipo kufanywa. Sehemu ya malipo kwa kawaida huzuiliwa kwa miezi kadhaa, ili mwanakandarasi arudi kurekebisha kasoro zitakazojitokeza. Muulize msimamizi wa wadi kipindi hicho kinaisha lini, uandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya nyumbani. Kisha mvua kubwa ya kwanza itakaponyesha, toka na mwavuli ukasimame pale mtaro unapoishia. Kama maji yamesimama kwenye kalvati, au ukuta wa mawe umeanza kuachana, piga picha inayoonyesha tarehe na uipeleke katika ofisi ya wadi wiki hiyo hiyo, wakati fedha za mwanakandarasi bado ziko mikononi mwa kaunti.