Binti Akiitwa Kambini: Mwongozo wa Mechi za Kufuzu kwa Wazazi na Walimu wa Shinyanga na Geita

Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi anayefanya kazi mgodini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, sokoni au shambani, na kwa mwalimu wa michezo mwenye binti anayeujua mpira shuleni kwake. Unahusu safari ya kufuzu Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, ambayo kwetu ni safari ya Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya umri huo. Sehemu kubwa ya kazi ya mzazi hufanyika kabla Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) halijataja jina la mtoto. Sababu yake iko kwenye utaratibu wa mechi zenyewe, kwa hiyo tuanze na mechi.

Mechi mbili, basi

Ulaya wanafuzu kwa makundi. Timu nne hukutana katika nchi moja, kila moja inacheza mechi tatu ndani ya wiki moja hivi, kisha wanarudi nyumbani. Kuna raundi ya vuli na raundi ya masika, na kuna Ligi A na Ligi B. Anayeshika mkia katika Ligi A vuli hushuka B, na anayeongoza B hupanda. Binti wa Ureno au Poland akicheza vibaya Jumatano, Jumamosi ana mechi nyingine. Hata timu yake ikishuka, masika itacheza tena.

Afrika ni mtoano wa nyumbani na ugenini. Unacheza kwao, unacheza kwako, mabao yanajumlishwa, na mmoja anabaki nyumbani mpaka mashindano yajayo. Mwaka 2022 Serengeti Girls chini ya kocha Bakari Shime waliitoa Botswana, wakaitoa Burundi, kisha wakakutana na Cameroon katika raundi ya mwisho. Walishinda 4-1 kule Yaoundé, wakamaliza kazi kwa 1-0 Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Afrika ilikuwa na nafasi 3 tu, zikaenda kwa Nigeria, Morocco na Tanzania. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya taifa ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia la soka la FIFA. Huko India, kwenye fainali hizo, walifungwa 4-0 na Japan, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, na wakafika robo fainali, ambako Colombia iliwatoa kwa 3-0. Mwandishi huyu bado anaona nchi haikuwashangilia mabinti hao inavyostahili.

Kwa asiyeelewa hesabu ya jumla ya mabao, klabu ya Yanga ilitufundisha kwa machungu mwaka 2023 katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa sababu ya mabao ya ugenini: USM Alger walifunga mawili, Yanga moja. Bao moja la kizembe nyumbani linaweza kukugharimu hata ukishinda ugenini.

Mzazi anapaswa kuelewa hapa kwamba ratiba haina nafasi ya kusubiri. Kati ya mechi ya kwanza na ya marudiano ni wiki moja au mbili. Kocha hawezi kumsubiri beki ambaye cheti chake kiko njiani kutoka Kishapu. Atamchukua mwingine, na hatakuwa amekosea.

Tarehe ya 1 Januari

Umri hauhesabiwi kwa darasa wala kwa kimo. Unahesabiwa kwa tarehe moja. Kwa Kombe la Dunia la 2022 mchezaji alipaswa kuwa amezaliwa kuanzia 1 Januari 2005 hadi 31 Desemba 2007, maana yake hata mdogo kupita kiasi hakuruhusiwa. Tangu 2025 mashindano haya yanafanyika kila mwaka, yana timu 24, na Morocco ndiyo mwenyeji hadi 2029. Kwa hiyo mstari unasogea kila mwaka: wa 2026 wamezaliwa kuanzia 1 Januari 2009, wa 2027 kuanzia 1 Januari 2010. Binti aliyezaliwa Desemba amepitwa mwaka mzima na mwenzake aliyezaliwa wiki chache baadaye. Mwalimu aandike tarehe hizi kwenye daftari la timu sasa hivi, kando ya kila jina.

Na asimpunguzie mtoto umri. Tunajua inafanyika, na tunajua nani huwa anashauri. Taarifa za umri zikikinzana, mchezaji huondolewa na timu nzima inaweza kuadhibiwa. Wenzake ishirini watalipa kwa uongo wa watu wazima wawili.

Cheti cha kuzaliwa

Hapa ndipo mikoa yetu ina shida yake. Familia zinafuata dhahabu. Mtoto anazaliwa zahanati ya Kishapu, anaanza shule Katoro, anahamia Kahama baba anapopata kazi kwenye karasha, na katika kila kituo jina lake linaandikwa upya na mtu mwingine. Nyumbani ni Kabula, kwenye kadi ya ubatizo ni Rehema, na kwenye rejista ya shule ni Rehema Kabula, kwa jina la ukoo la mjomba aliyempeleka kuandikishwa. Mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wa kuwapa vyeti bure watoto wa chini ya miaka 5 ulianza Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mkoa baada ya mkoa, hivyo mabinti wengi wanaotazamwa na makocha leo walikuwa wameshavuka umri huo ulipofika kwao.

Ukiomba cheti sasa, anza na kadi ya kliniki: itoe kwenye mfuko wa nailoni iliyomo pamoja na risiti za pembejeo, uiangalie juani. Tazama tarehe ya kuzaliwa. Je, tarakimu ya mwisho ya mwaka imeandikwa kwa wino uleule wa tarakimu nyingine? Je, mvua imeifuta? Je, jina la mama lilivyoandikwa pale linafanana na lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi? Ukiona tofauti, usiirekebishe kwa kalamu yako. Kadi iliyochafuka bado ni ushahidi. Kadi iliyochezewa si ushahidi tena.

Kisha kusanya kadi hiyo, cheti cha kumaliza darasa la saba, cheti cha ubatizo kama kipo, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na vitambulisho vya wazazi. Ombi linafanywa kwa mfumo wa eRITA au katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambako shughuli za usajili hufanyika. Mtoto aliyevuka miaka 10 bila kusajiliwa hupitia uhakiki mrefu zaidi, kwa hiyo usipange siku tatu, panga miezi. Majina yakikinzana, nenda kwa wakili au mahakamani ule kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Ni gharama, lakini utailipa mara moja tu.

Baada ya cheti ndipo pasipoti inawezekana. Uhamiaji watataka kuthibitisha uraia wa wazazi pia, na katika mikoa hii, yenye watu waliohamia kutoka kila upande, maswali hayo huulizwa kwa makini. Jibu kwa utulivu, ukiwa na karatasi mkononi.

Barua ya wito

Wito halali huja kwa barua ya TFF, kwa kawaida ukipitia chama cha soka cha mkoa au shule. Piga simu chama cha mkoa kuhakikisha kabla ya kufunga begi. Mtu anayekuja Geita na gari la kukodi na picha aliyopiga na kocha fulani, akisema ana orodha, hajaleta wito. Usimkabidhi binti. Uliza atalala wapi, mwanamke gani yuko kambini kama mlezi, na namba gani utapiga usiku. Kiongozi wa kweli hakasiriki akiulizwa hayo.

Mzazi mwenye ajira ya mkataba ajue kwamba likizo ya mwaka ya siku 28 iliyo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo tegemeo lake akitaka kumsindikiza. Ongea na msimamizi wa shifti mapema, kabla rosta ya mwezi haijabandikwa, na uombe kwa maandishi. Kwa wachimbaji wadogo hakuna wa kuombwa ruhusa, ila duara la machimbo halitakusubiri. Elewana na wenzako mgao utakuwaje siku usizokuwepo.

Shule nayo ina lake. Kombe la Dunia la 2025 lilianza 17 Oktoba na kuisha 8 Novemba, na Novemba ndiyo mitihani ya kidato cha nne. Mkuu wa shule aione ratiba ya kufuzu mwanzoni mwa mwaka, si wiki ya mtihani. Mwalimu wa somo atume mazoezi kwa WhatsApp kwenye simu ya mlezi wa kambi. Na binti akitolewa kikosini kabla ya mechi, arudi darasani siku hiyohiyo anayofika, bila kutaniwa mstarini.

Wenye ahadi za Ulaya

Timu ikifanya vizuri, watakuja watu wenye ahadi za kumpeleka binti Ulaya. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wakala anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na haruhusiwi kuzungumza na mtoto bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Anayeomba pesa ya viza, ya majaribio au ya “kufungua faili”, mwombe namba yake ya leseni, uiandike, uipeleke TFF. Usisaini chochote siku ya kwanza, hata kama binti analia, na hata kama kiasi kilichoandikwa kinazidi mshahara wako wa mwaka. Karatasi hiyo isomwe na mtu asiyetarajia chochote ndani yake.