SOMO: KIINGEREZA CHA KAZI KWA WANAFUNZI WA UHANDISI WA MELI

Watumishi wa Serikali na wananchi, hususan wazazi ambao vijana wao wanakusudia kusomea uhandisi wa meli, wanafahamishwa umuhimu wa somo hili.

Usiku wa tarehe 7 Aprili, 1990, meli ya abiria Scandinavian Star iliwaka moto ikitoka Oslo kwenda Frederikshavn. Watu 159 walipoteza maisha. Miongoni mwa kasoro zilizobainika ni kuwa mabaharia wengi hawakuwa na lugha ya kuelewana na abiria. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha misemo sanifu ya Kiingereza kwa mawasiliano ya baharini. Aidha, Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, unamtaka afisa mhandisi ajue Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vya mitambo na kutekeleza kazi zake.

Kiingereza hicho kina mambo yake:

1. Msamiati. Neno "bearing" kwa afisa wa sitaha ni mwelekeo upimwao kwa dira. Kwa mhandisi ni beringi inayobeba shafti. "Stroke" si maradhi ya kiharusi, bali ni mwendo wa pistoni kutoka mwisho mmoja wa silinda hadi wa pili. Hivyo, mwalimu asianze na kamusi. Aanze na mashine na mchoro wake, na mwanafunzi ataje kila sehemu na kazi yake.

2. Amri. "Dead slow ahead" haihusu kifo. Ni kwenda mbele kwa mwendo wa chini kabisa. Apokeaye amri ya injini huirudia, ili kosa la kusikia lijulikane kabla halijatendwa. Darasani nako mwanafunzi arudie, atende, kisha aripoti.

3. Maandishi. Mwanafunzi azoezwe kujaza daftari la chumba cha mashine: saa, joto, shinikizo, hitilafu na hatua iliyochukuliwa. Anayepokea zamu hutegemea maandishi hayo.

Inasisitizwa kuwa kufaulu hesabu na fizikia pekee hakutoshi. Mhandisi anayeitambua hitilafu lakini akashindwa kuieleza kwa wenzake huiacha meli hatarini. Wazazi wanaombwa kuwahimiza vijana wao walishike somo hili mapema.