Kabla Hujagusa Swichi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Hagadera

Kambi ya Hagadera, iliyoko Fafi katika kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi mashirika yanayohudumia kambi za Dadaab, Hagadera ikiwemo, yalitegemea setilaiti, kila ofisi na sahani yake. Kisha, kati ya 2011 na 2012, mradi wa DadaabNet ulioendeshwa na NetHope, Inveneo na washirika wao uliziunganisha ofisi hizo kwa masafa ya redio. Mawimbi yakishafika mnarani, kazi iliyobaki ni ya swichi: kisanduku cha chuma kinachogawa mtandao kwa kila kompyuta, simu na kamera ya jengo.

Swichi ikifa Nairobi, fundi hushuka barabara ya Luthuli akanunua nyingine kabla ya chakula cha mchana. Ikifa Hagadera, ya kuibadilisha iko zaidi ya kilomita 400, na mvua za El Niño za Novemba 2023 zilitukumbusha kwamba barabara ya Garissa hukatika. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Fundi anayesasisha swichi hapa bila kuandaa njia ya kurudi anacheza na kazi za watu. Zishike kanuni hizi zote, usichague.

KABLA YA KUANZA

1. Soma kilichopo. Ingia kwenye swichi, uandike modeli kamili, toleo la programu inayoendesha na nafasi iliyobaki kwenye flashi. Swichi mbili zenye sura moja zinaweza kuhitaji faili tofauti. Usikisie kwa kutazama rangi ya kasha.

2. Nakili usanidi wote kwenye laptopu, kisha ufungue nakala hiyo na kuisoma. Nakala ambayo haijafunguliwa si nakala.

3. Usifute programu ya zamani ili kupata nafasi. Ndiyo njia yako ya kurudi. Flashi ikijaa, ondoa kumbukumbu za makosa na mafaili mengine yasiyotumika. Ikibidi kabisa programu ya zamani iondoke, ihamishie kwanza kwenye laptopu na uhakikishe imefika nzima.

4. Usipokee faili ya programu kutoka kwa rafiki, kundi la WhatsApp au flashi diski iliyookotwa mezani. Ichukue kwa mtengenezaji, na uipakue Garissa au Nairobi kama mtandao wa kambini ni mwembamba. Kisha linganisha alama ya uhakiki iliyotangazwa na mtengenezaji na ile unayoipata wewe: mara moja kwenye laptopu, mara ya pili faili ikiwa tayari ndani ya swichi. Herufi moja ikitofautiana, simama.

5. Beba kebo ya konsoli na uijaribu kabla ya kusafiri. Programu mpya ikikataa kuwaka, mtandao hautakufikisha ndani ya swichi. Kebo hiyo ndiyo itakayokufikisha. Usisasishe ukiwa mbali kama hakuna mtu mwenye kebo aliyesimama mbele ya kabati la swichi.

UMEME NA SAA

6. Usianze kazi swichi ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na jenereta. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuanza kunakili programu nikiamini dizeli ilikuwa ya kutosha. Jenereta ikazima katikati ya kazi, na swichi ilipowashwa tena haikupata cha kuwasha. Ofisi ile ilikaa siku mbili bila mtandao kwa sababu yangu. Weka UPS yenye betri nzima, uipime kwa kuchomoa umeme swichi ikiwa bado inaendelea na kazi ya kawaida, na umuulize mwenye jenereta saa anazobadilisha mashine.

7. Chagua saa pamoja na wanaoitumia swichi. Kama inahudumia wodi, muulize muuguzi wa zamu, usiishie kwa meneja. Usipange kazi ya usiku kama hulali ndani ya uzio huohuo, kwa kuwa kutembea gizani si salama. Wala usiianze Ijumaa karibu na adhuhuri, kisha utafute msaada wakati watu wako msikitini.

8. Waonye watu kuhusu vifaa vinavyopata umeme kupitia kebo ya mtandao. Swichi ikijiwasha upya, simu za mezani, kamera za lango na vipaza Wi-Fi huzimika pamoja nayo. Mlinzi wa lango ajue mapema.

WAKATI WA KUSANIDI

9. Jiwekee saa ya kujiokoa. Kwenye swichi za Cisco, amri ya reload in 15 huiambia swichi ijiwashe upya baada ya dakika 15. Ukikosea na kujifungia nje, na hujahifadhi mabadiliko, itarudi na usanidi wa zamani uliohifadhiwa. Kazi ikienda sawa, futa amri hiyo kwa reload cancel. Junos, programu ya swichi za Juniper, ina commit confirmed kwa kazi hiyohiyo.

10. Usichomoe swichi kwa sababu imechelewa kuwaka. Baada ya kusasishwa, baadhi huandika upya programu za sehemu zake za ndani na kuchukua dakika nyingi. Tazama konsoli, mikono iwe mbali na waya.

11. Zima kila huduma usiyoitumia. Machi 2018 Cisco ilitangaza udhaifu mkubwa katika Smart Install, huduma iliyobuniwa ili swichi mpya ijisanidi bila fundi kuwepo. Wiki iliyofuata, Aprili 6, wavamizi walifuta usanidi wa swichi nyingi za Iran na Urusi. Serikali ya Iran ilisema zilizoathirika duniani zilikuwa kama 200,000, na 3,500 kati yake zilikuwa nchini mwake. Kiraka kilikuwa kimeshatoka. Amri ya no vstack ingetosha kuifunga huduma hiyo.

12. Badilisha nywila ya kiwandani na neno "public" la SNMP siku ya kwanza. Tumia SSH, kwani Telnet hupitisha nywila ikisomeka wazi. Funga matundu yasiyo na kazi.

13. Usichomeke swichi iliyotumika kwingine kabla ya kuifuta. Kama bado ina jina lilelile la kikoa cha VTP (itifaki ya Cisco inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi) na namba ya marekebisho iliyo juu zaidi, inaweza kufuta VLAN za ofisi nzima kwa sekunde chache.

BAADA YA KAZI

14. Hifadhi usanidi ukishauthibitisha. Usipoandika amri ya write memory, jenereta itakapozima jioni itaondoka na kazi yako yote.

15. Usitosheke na taa za kijani. Keti kwenye kompyuta ya mhasibu, piga simu kutoka chumba cha dawa, angalia picha ya kamera ya lango. Ondoka wao wakisema kazi inakwenda.

16. Acha karatasi ndani ya kabati: tarehe, modeli, toleo la zamani na jipya, mahali nakala ilipohifadhiwa, na kila ulichobadilisha. Usiandike nywila hapo. Mikataba huisha Hagadera na mafundi huhamishwa. Atakayelifungua kabati hilo baada yako huenda ni kijana wa kambini aliyejifunza kazi hii hapohapo, amesimama peke yake usiku na tochi mkononi. Karatasi hiyo ndiyo njia yake ya kurudi. Fundi asiyeiacha hajamaliza kazi, hata kama taa zote ni za kijani.