Kabla ya kuitupa Star Fox Zero

Star Fox Zero ilipotoka Aprili 2016 kwa mashine ya michezo ya Wii U, wachambuzi waligawanyika, na lawama kubwa zaidi ilihusu namna ya kulenga. Mchezaji huongoza chombo cha angani kwa vijiti kama alivyozoea, lakini shabaha huipata kwa kuinamisha na kugeuza pedi yenyewe, ile GamePad yenye kioo katikati. Wapo walioiacha kabla mikono haijazoea. Waliacha mapema mno, maana ugumu wake una sababu zinazoeleweka, na karibu zote zina dawa.

Anza na macho. Runinga hukuonyesha chombo kwa nyuma. Kioo cha pedi hukuonyesha anachokiona rubani akiwa ndani. Kwa kuwa kamera ya runinga iko nyuma ya chombo, alama ya shabaha inayoonekana pale hailingani sawasawa na mahali risasi zinapopiga, hasa adui akiwa karibu au ubavuni. Anayeng'ang'ania runinga peke yake hukosa, akadhani pedi ni mbovu. Tumia runinga kukwepa majengo na kujua adui anatokea upande gani. Ukitaka kupiga kwa uhakika, teremsha macho kwenye pedi. Kitufe cha alama ya kutoa hubadilishana picha hizo mbili.

Kisha kuna jairoskopu, kihisi kilichomo ndani ya pedi. Hicho hakioni runinga wala hakijui umekaaje. Kinapima kasi ya mzunguko na kuijumlisha, na makosa madogo nayo hujumlishwa humo humo. Ukijigeuza kidogo kitini, katikati yako na katikati ya pedi hazilingani tena, na mwisho unajikuta umepinda mikono ili kulenga mbele. Bonyeza Y shabaha irudi katikati, na usisubiri mambo yaharibike: fanya hivyo mara kwa mara, kama dereva anavyotupia jicho kioo cha pembeni. Laza viwiko mapajani, pedi iwe chini kidogo ya runinga, ili macho yapande na kushuka bila kuinua kichwa. Miondoko midogo ya viganja inatosha.

Kabla ya yote hayo ingia kwenye mipangilio, uchague pedi ihisi mwendo pale tu unaposhikilia ZR, yaani unapofyatua. Badiliko hili moja huondoa usumbufu mwingi wa mwanzo. Pitia mazoezi yaliyomo kwenye gemu, halafu rudia hatua ya kwanza, Corneria, mpaka vidole vibonyeze bila kuulizwa. Gemu lenyewe ni fupi, lenye njia zinazogawanyika, na limetengenezwa kwa ajili ya kurudiwa; utamu wake haujitokezi safari ya kwanza. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja anaendesha kwa pedi ya kawaida, mwingine anapiga kwa GamePad.

Sitetei kila kitu. Hatua ya Gyrowing, kile chombo cha polepole chenye kiroboti kinachoteremshwa kwa waya, inachosha hata kwa aliyezoea. Na si kila gemu la aina hii linastahili subira hiyo. Lair ya PlayStation 3, iliyotoka 2007, ililazimisha mchezaji aongoze dragoni kwa kuinamisha pedi. Mwaka 2008 ikaletewa sasisho lililoruhusu vijiti. Kwa gemu la namna hiyo, tafuta sasisho kwanza, usijitese.

Ukinunua Wii U iliyotumika, hakikisha inakuja na GamePad yake, kwani bila hiyo Star Fox Zero haichezeki. Duka la mtandaoni la Wii U lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo utahitaji diski, na diski iwe ya kanda moja na mashine: ya Ulaya haisomwi na mashine ya Marekani. Soma pia maandishi kwenye adapta. Za Marekani ni za volti 120, na umeme wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, inaweza kuungua.

Ukishaizoea Corneria na bado shingo inauma au kichwa kinazunguka, acha. Kama kilichobaki ni kukosa shabaha tu, rudi kwenye mazoezi.