Umeme Ukikatika Mayai Yakiwa Kwenye Mashine: Jinsi ya Kuchagua Betri ya Akiba

Somo la leo limetokana na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho ili lisikukute na wewe.

Mama mmoja katika kata ninayohudumia alinunua mashine ya kutotolesha mayai 96 kwa mkopo wa kikoba. Akaniuliza anunue nini cha kumsaidia umeme ukikatika. Nikaenda naye dukani. Nikaona inveta imeandikwa wati 1000, na mashine yake imeandikwa wati 80. Nikamwambia, "Chukua hii mama, inatosha na nyingine inabaki." Tukaiunganisha na betri ya gari aliyokuwa nayo nyumbani, ya Ah 38.

Siku ya 19 ya mayai, umeme ukakatika saa moja jioni, ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Saa sita usiku simu ikaita: "Bwana shamba, ile betri yako imezima."

Katika mayai 90 aliyoweka walitoka vifaranga 31. Alipokuja ofisini hakunifokea. Aliniuliza tu, "Rejesho la kikoba ni Jumamosi. Sasa nawaambiaje wenzangu?" Sikuwa na jibu.

Nilikosea wapi?

Fikiria tangi la maji. Wati za inveta ni upana wa bomba: zinakuambia umeme kiasi gani unaweza kupita kwa wakati mmoja. Hazikuambii tangi lina maji kiasi gani. Tangi ni betri, na ujazo wake unapimwa kwa wati-saa, zinazoandikwa Wh. Mimi niliangalia bomba, tangi sikulipima.

Kupata wati-saa, zidisha volti kwa Ah zilizoandikwa kwenye betri. Betri ya yule mama: 12 x 38 = 456. Lakini betri ya maji au ya jeli haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Nusu yake ni 228. Inveta nayo inakula kama asilimia 15 njiani, zinabaki kama 194. Mashine yake inatumia wastani wa wati-saa 40 kila saa. 194 gawanya kwa 40 ni saa tano kasoro. Toka saa moja jioni, ni saa sita usiku. Hesabu ya dakika mbili ingetuambia yote hayo tukiwa bado dukani.

Na betri ya gari imetengenezwa kupiga stata kwa nguvu muda mfupi tu. Ukiifanyisha kazi ya usiku kucha mara kwa mara, inachoka haraka.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inakula kiasi gani

Usitegemee maandishi ya mashine peke yake. Wati 80 ni pale kipasha joto kinapowaka, na kinawaka na kuzima chenyewe. Tumia mita yako ya Luku. Usiku mmoja zima vitu vyote, hata friji, acha mashine tu. Andika uniti zilizobaki saa moja jioni, kisha soma tena saa kumi na moja alfajiri. Kwa yule mama zilishuka kutoka 25.6 hadi 25.2, yaani uniti 0.4. Uniti moja ni wati-saa 1000, kwa hiyo usiku mzima ni wati-saa 400. Kama kwenu kuna msimu wa baridi, pima usiku wa baridi, maana mashine hufanya kazi zaidi.

Hatua ya 2: Rudi nyuma mpaka kwenye ukubwa wa betri

Unahitaji 400. Weka hasara ya inveta, inakuwa kama 470. Sasa:

- Betri ya maji au ya jeli (tumia nusu tu): 470 x 2 = 940. Hiyo ni volti 12, Ah 80. Mimi nashauri Ah 100 ili uwe na akiba.
- Betri ya lithiamu (unaweza kutumia asilimia 80): kama 590. Betri ya Ah 50 inatosha. Bei yake ni kubwa, ila ni nyepesi na inadumu miaka mingi zaidi ukiitunza.

Kama mashine yako ina tundu la volti 12, iunganishe na betri moja kwa moja. Inveta haihitajiki, na ile hasara ya njiani unaiokoa.

Hatua ya 3: Angalia itajaa vipi

Tangi bila maji ya kuingia halikusaidii usiku wa pili. Paneli ya sola ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano inaandikiwa 500, lakini kwa uzoefu wangu hesabu 350 hivi. Umeme wenu ukikatika kila usiku, chukua paneli ya wati 150 au zaidi. Wakati wa masika usiitegemee sola peke yake.

Usidanganyike na namba kubwa

Siku hizi kuna maboksi ya kubebeka yenye betri na inveta ndani. Ni mazuri, lakini tafuta Wh kwenye lebo. Pawabenki ya "20,000" inasikika kubwa, ila hizo ni mAh kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74 tu. Ni ndogo kuliko betri ya volti 12, Ah 7, yenye 84. Lebo isipoonyesha Wh, wala volti na Ah, achana nayo.

Pawabenki au boksi dogo lina kazi yake. Ukienda kulala shambani kulinda mpunga, taa ya LED ya wati 5 kwa saa 8 inakula 40, na kuchaji simu ni kama 15 hadi 20. Boksi la Wh 100 linakutosha usiku huo. Kwa mashine ya mayai halifiki mbali.

Vifaranga wa bruda je?

Hapa naomba usinunue betri. Balbu ya joto ya wati 100 kwa saa kumi ni wati-saa 1000, na vifaranga 100 wanaweza kuhitaji mbili. Betri ya kazi hiyo itakula faida yote. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Wape kwa jiko la mkaa au chungu cha moto, na betri ndogo ibaki kwa ajili ya taa tu. Mkaa uwashiwe nje mpaka ukolee, jiko likae mbali na maranda, na banda liwe na pa kupitisha hewa. Moshi ukiisha, sumu ya mkaa bado ipo, na haina harufu. Jenereta nayo isiwashwe kamwe ndani ya nyumba au banda.

Betri ikizima na mayai yamo

Usifungue mashine. Funika kwa blanketi lakini acha matundu ya hewa wazi, hasa siku za mwisho, maana vifaranga ndani ya yai tayari wanahitaji hewa nyingi. Mayai hayafi papo hapo. Usiyatupe asubuhi, yapime kwa tochi kwanza, na siku ya 21 ikifika ongeza siku moja au mbili za kusubiri.

Ijaribu kabla

Hili ndilo ningemwambia yule mama tangu mwanzo. Kabla ya kuweka yai hata moja, zima swichi kuu jioni, acha mashine iende kwa betri mpaka asubuhi. Ikizima usiku, umepoteza usingizi tu.

Jumamosi ile nilichangia sehemu ya rejesho lake kutoka mfukoni kwangu. Baadaye alinunua betri ya Ah 100, tukaijaribu usiku kucha mashine ikiwa tupu. Saa kumi na moja alfajiri alinipigia tena, na safari hii ilikuwa kunisalimia tu.

Pima Luku yako usiku wa leo, kisha niandikie namba hapa chini. Tutapiga hesabu pamoja kabla hujaenda dukani.